Zamu ya Nyumba Yetu Kucheka

Ushiroda, Yamaguchi
11 Septemba 2014

Kwa Shangazi Fusae,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako kirefu mlangoni pa bafu lako la umma, wanaume kushoto, wanawake kulia, na tanuru la maji linawaka bila kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama mkwe alipasuliwa goti mwezi wa saba, sasa anatembea na fimbo na anagombana nayo kama mtu. Mume wangu Isao bado yuko baharini. Mara ya mwisho meli yao ilikuwa Chile, anasema amechoka kuwapikia mabaharia wali wa kari lakini ndio wanaoutaka. Mtoto wetu Genta ana miezi minne na kilo saba. Anashika vitu. Jana alishika nywele zangu, hakuziachia mpaka muuza tofu alipopita akipuliza tarumbeta lake.

Ningekupigia simu, lakini siku hizi husikii vizuri, na usiposikia unakata. Kwa hiyo naandika.

Kuna jambo dogo. Tarehe tisa mwezi wa saba niliamka nikakuta upande wa kushoto wa uso wangu haufanyi kazi. Haukuuma. Nilipokuwa napiga mswaki maji yakamwagika yenyewe. Jicho halifungi sawasawa na pembe ya mdomo imeshuka. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso, huwapata wengine baada ya kuzaa. Akanipa vidonge, akasema wengi hupona ndani ya miezi mitatu. Miwili imeshapita. Nadhani uso unaanza kurudi, kwa hiyo usihangaike.

Pale zahanati wamebandika karatasi ukutani: Tabasamu kwanza, furaha itakuja nyuma. Muuguzi wa mazoezi aliniambia si maneno matamu tu. Kuna watu wamepima, wakaona uso ukikaa mkao wa kucheka, moyo nao huvutika kidogo kuufuata. Wengine wanabisha, alisema, lakini yeye anaamini. Akanipa kijiti cha kulia chakula nikibane kwa meno. Nikabana, kikadondokea kushoto. Akasema tutajaribu tena wiki ijayo.

Sasa mwaka huu zamu ya kucheka ni ya nyumba yetu. Nilikueleza nilipoolewa. Jumapili ya kwanza ya Desemba nyumba zote kumi na tisa zinakusanyika, wawili wanakaa kutazamana, kila mmoja na tawi bichi mkononi, wanacheka mara tatu. Kicheko cha kwanza ni cha mavuno tuliyopata, cha pili ni cha mavuno yajayo, cha tatu ni cha kutupa huzuni za mwaka. Mzee Orita anakaa pembeni na ngoma. Kicheko kikiwa cha kweli anapiga. Kikiwa cha mdomoni tu hapigi, mnarudia. Mwaka juzi yule wa duka la mbolea alirudia mara saba mpaka akapata kwikwi. Isao hayupo, baba mkwe ni marehemu, mama mkwe hawezi kupiga magoti. Nimebaki mimi.

Shangazi, nimeishi kwako miaka kumi na sita na sikuwahi kukuona ukicheka. Siulizi kwa ubaya. Nataka kujua tu: ndani ulikuwa unacheka?

Ni mimi mwanao,
Chigusa


Otaru
30 Septemba 2014

Chigusa,

Marahaba. Mimi mzima. Bomba la upande wa wanaume lilipasuka, siku tatu wakaogea upande wa wanawake kwa saa maalumu, na kila mmoja alijifanya hatazami picha ya mlima ya ukutani kwa sababu upande huo mlima umechorwa vizuri zaidi. Maneno yamekuwa mengi. Nimewaambia wakitaka mlima waende mlimani.

Uso umeshuka kwa sababu ulilala na feni. Najua ulilala na feni. Tangu utotoni ulikuwa unalala na feni. Funga kitambaa cha moto asubuhi na jioni, kula supu ya miso, acha vitu baridi. Hicho kijiti cha zahanati kitumie kulia wali.

Kuhusu kicheko cha huko kwenu, watu wazima kukaa wakichekeana kwa amri ya ngoma, mimi sina la kusema. Kila kijiji na ugonjwa wake. Ukiambiwa cheka, cheka, urudi nyumbani.

Hujaniambia mtoto anafananaje. Leta picha. Umesema ana kilo saba, hata mfuko wa mchele una kilo.

Fusae


Ushiroda
14 Oktoba 2014

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Pole na bomba. Mama mkwe alicheka habari ya mlima mpaka akaangusha fimbo. Anakusalimu, anasema ukija atakupikia mizizi ya yungiyungi ya jirani yetu Bwana Nakao, ambayo haina nyuzinyuzi. Huku wameanza kuvuna mpunga. Isao ameniandikia kutoka Panama, anauliza kama Genta anajua sauti yake. Nimemjibu anaijua.

Picha iko ndani. Aliipiga mama mkwe bustanini.

Hukujibu swali langu. Si kitu. Pengine nililiuliza vibaya.

Ile miezi mitatu imeisha tarehe tisa. Daktari amesema tusubiri zaidi. Jicho linafunga sasa, mdomo bado. Nafanya mazoezi mbele ya kioo, a, i, u, e, o, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Genta anacheka. Alianza mwezi wa nane. Anamchekea mama mkwe, anamchekea mwenye kuleta barua, amemchekea hata daktari wa meno barabarani. Mimi hanichekei. Ananitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo. Mwanzoni nilisema ni bahati mbaya. Sasa ni miezi miwili.

Halafu na mimi. Nikimwangalia najua nampenda, kama ninavyojua kwamba leo ni Jumanne. Zamani, kabla ya mwezi wa saba, nilikuwa nikimwangalia kifua kinanijaa mpaka naogopa. Sasa namlisha, namwogesha, namwimbia, sikosei kitu, na kifua kimetulia. Nafikiria ile karatasi ya zahanati. Kama uso ndio unaoita moyo, basi wangu unaita kwa nusu sauti, na pengine moyo hausikii. Na kama ni hivyo, mtoto hana kosa. Anachekea palipo na mtu.

Lakini nina matumaini. Muuguzi anasema kuna waliopona baada ya miezi sita.

Mwanao,
Chigusa


Otaru
24 Novemba 2014

Mwanangu Chigusa,

Marahaba mara mbili, maana barua yako imekaa wiki sita. Nilishaandika majibu mara mbili, yote yakaishia tanuruni. Huku theluji imefika magotini. Watoto wanakuja kuoga wakiwa wameganda kama samaki, wanaondoka wekundu.

Picha nimeiona. Mtoto ana masikio ya marehemu baba yako, pole yake. Lakini hiyo barakoa uliyovaa ni ya nini? Ulikuwa bustanini kwako, jua linawaka, mtoto umempakata. Nikasema labda ana mafua. Kisha nikasoma tena barua zako zote mbili, mafua hamna. Unaivaa tangu lini? Usinijibu. Tangu tarehe tisa mwezi wa saba.

Nilimwonyesha Bi Sugimori, huyu anayekuja kuoga kila siku saa tisa, mwenye watoto watano. Akaitazama, maji yanamchuruzika, akasema, "Dada Fusae, mtoto huyu hana mama. Ana macho mawili juu ya kitambaa." Nikamwambia aende akajisugue mgongo, asinilowanishie picha. Akasema, "Aa, umekasirika! Leo uso umesogea!" Wenzake wakacheka huko ndani ya maji.

Najua hakuna aliyekuuliza. Watu wetu ndivyo tulivyo, mtu akivaa barakoa mwaka mzima tunasema ana adabu, hataki kuambukiza wenzake. Mama mkwe wako naye atakuwa alisema hivyo hivyo. Adabu hiyo naifahamu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliteleza kwenye barafu nje ya stesheni nikavunja meno manne ya mbele. Kuwekewa mengine halikuwa jambo la watu kama sisi. Nikaanza kufunika mdomo kwa mkono kila nikicheka. Wasichana wote walikuwa wanafunika, nani angejua? Walinisifu, msichana wa nyumba ya Fujishiro anacheka kistaarabu. Baadaye mkono ukachoka, nikaona nafuu nisicheke kabisa. Nilidhani nimefunga mlango tu, chumba kimebaki kilivyo. Nilipata meno nina miaka arobaini na saba. Asubuhi moja kabla hatujafungua nikakaa mbele ya kioo cha upande wa wanawake, nikaupanua mdomo. Meno mazuri. Nikangoja. Hakuja mtu.

Kwa hiyo ndani nilikuwa nacheka? Miaka ya kwanza, ndiyo. Baadaye, hapana. Umeuliza mara mbili, nimejibu mara moja.

Wewe ulikuja mwaka uliofuata, una miaka sita na begi la njano. Kuhusu hilo sina la kuandika.

Vua hicho kitambaa.

Fusae


Ushiroda
29 Novemba 2014

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Nimeisoma jikoni, nimesimama. Mama mkwe aliuliza, "Habari njema?" nikasema theluji imefika magotini. Yeye sasa anapanda ngazi. Isao atarudi mwezi wa pili, Mungu akipenda na meli ikipenda. Genta ameanza uji wa mchele, anaupenda, anaupaka mpaka kwenye nyusi.

Ni kweli. Ninavaa tangu siku ile. Naivua nikilala na nikila, na ninakula nimempa mtoto kisogo. Sikukuambia kwa sababu sikuona kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Niliona naficha uso, sikuona kwamba kuna mtu upande wa pili anayeutafuta.

Nimeivua jana asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye mto wake, nikachutama mbele yake, nikaivua taratibu, nikamwambia, "Genta, ni mama." Akanitazama kama anavyomtazama yule wa kusoma mita ya gesi. Midomo ikaanza kutetemeka. Kisha akalia, Shangazi, kilio cha kumwogopa mtu. Mama mkwe akaja na fimbo yake mbio.

"Kuna nini? Ameanguka?"

"Hajaanguka. Ameniona."

Akanitazama, akatazama pembeni haraka. Akasema, "Vaa, mwanangu, vaa. Mtoto anatishika." Nikavaa. Genta akanyamaza papo hapo, akanyoosha mikono nimbebe. Mikono aliyonyoosha ilikuwa ya yule mwenye kitambaa.

Sikulia. Nilimbeba, tukaenda kuanua nguo.

Kwa hiyo sijui. Miezi ya mwanzo ndiyo mtoto anajifunza nyuso, na mimi hiyo nimempa kitambaa. Pengine nimechelewa kwake kama wewe ulivyochelewa kwenye kioo. Na Jumapili ijayo ndiyo zamu yetu. Barakoa hairuhusiwi, uso mzima lazima uonekane, ndiyo maana ya mkutano wenyewe. Nyumba kumi na tisa watanitazama, na mwanangu atakuwepo, atalia mbele yao wote. Nafikiria kumwomba Mzee Orita airuke nyumba yetu mwaka huu. Atakubali. Hatauliza.

Mwanao,
Chigusa


(Kadi ya posta)
Otaru, 2 Desemba 2014

Alilia? Mwache alie. Wewe ulipofika kwangu ukaniona uso, ulilia siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi ulinifuata bafuni na sabuni, ukanisugua mgongo bila kuambiwa. Mimi uso huu huu. Usimwombe mzee yeyote airuke nyumba yako. Fusae.


Ushiroda
16 Desemba 2014

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya baridi. Mama mkwe amekutumia mizizi ya yungiyungi kwa posta, imefungwa na udongo wake ili isikauke, usidhani ni uchafu. Isao hajambo. Goti halijambo.

Kadi yako ilifika Ijumaa asubuhi. Niliisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Nikavua barakoa nikaitia kwenye jiko la kuni, kisha nikaenda sebuleni. Genta akalia. Nikakaa. Mama mkwe akasema, "Mtoto atapata homa," nikamwambia, "Mama, naomba uniachie." Sijawahi kumwambia hivyo. Akaenda jikoni akagongagonga sufuria. Ijumaa alilia mpaka akalala. Jumamosi alilia, akapumzika, akanitazama, akalia tena. Nilimnyonyesha hivyo hivyo, amefumba macho.

Jumapili tukaenda. Nilivaa kimono cha mama mkwe cha rangi ya majivu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu uso wangu, wote wakaipenda mikeka ghafla. Mwenzangu wa kutazamana alikuwa Bwana Nakao wa mizizi, yule mwenye meno matatu. Mzee Orita akaweka ngoma magotini, akaita kwa jina la baba mkwe: "Nyumba ya marehemu Shigeto! Cha mavuno tuliyopata!"

Tukacheka. Yaani Bwana Nakao alicheka, mimi nikatoa sauti. Hewa inanitokea kushoto, Shangazi, kicheko kinakuwa kama tairi lililotoboka. Ngoma kimya. Tukarudia. Kimya. Kutoka nyuma mtu wa duka la mbolea akapaza sauti, "Dada, jitahidi! Hata birika langu linakushinda!" Mke wake akamzaba kofi la bega. "Mwenye kwikwi akae kimya!" Mara ya tatu, kimya. Mara ya nne nikasikia udenda unanitoka upande ule usiofanya kazi, unashuka kidevuni, na mikono yote imeshika tawi, siwezi kufuta. Nikatamani kitambaa changu.

Bwana Nakao akainama kama anayepanga tawi lake. Akaninong'oneza, "Binti, mimi nina meno matatu, wewe una nusu mdomo. Tukichanga tunapata mtu mmoja, na bado huyo mtu si mzuri."

Mzee Orita akafoka, "Mnanong'ona nini hapo? Mmekuja kucheka au kuchumbiana?"

Hapo kicheko kikanitoka. Kilianzia puani. Sikukichagua na sikukipanga, na sikujua uso unafanya nini, nilijua tu kwamba tumbo linauma na Bwana Nakao amelala chali na tawi lake. Niliposikia ngoma sikuelewa ni ya nani. Mzee Orita akasema, "Hicho ni cha kwanza. Bado viwili, msituchoshe." Viwili vikaja. Cha tatu, cha kutupa huzuni, kilikuwa kirefu, na mwishoni sikuweza kukitofautisha na kulia, lakini ngoma ilipigwa.

Huenda unangoja nikuambie Genta aliniona akacheka. Genta alilala muda wote mgongoni mwa jirani. Aliamka wakati wa supu, akaniona, akalia.

Nikarudi nyumbani nimechoka. Niliwaza kwamba yule muuguzi yuko sahihi na hayuko. Uso ulinitangulia mara nne na moyo haukufuata. Mara ya tano sijui nani alitangulia, sikupata nafasi ya kuangalia. Usiku ule nilipomtazama mtoto amelala, kifua kilikuwa bado kimetulia. Nikasema basi, nimefanya kazi ya nyumba, hayo mengine yatakuja au hayatakuja.

Jumatatu alilia kidogo. Jumanne na Jumatano akanitazama tu, muda mrefu, amekunja uso kama fundi saa.

Alhamisi mchana nilikuwa namlisha uji wa mchele na boga. Unajua mtu akimlisha mtoto anapanua na yeye mdomo wake, hakuna anayetufundisha. Nikapanua. Nilisahau kabisa uso wangu ukoje, nilikuwa naogopa boga lisimwagike. Yeye hakupanua. Alikuwa ananitazama mdomo. Kijiko kikabaki hewani. Kisha pembe moja ya mdomo wake ikapanda. Moja tu, ile inayoelekea upande wangu mzima. Nyingine ikabaki imelala. Akaishikilia hivyo, macho yamemkodoka kwa kazi kubwa anayoifanya, na uji unamchuruzika kwenye ile pembe nyingine, kama mimi siku ile ya ngoma.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Fimbo ikamwanguka. "Jamani, na yeye imempata! Uso wa mtoto umepooza!" Akaja akamshika kidevu, "Genta! Genta, mtazame bibi!" Genta akageuka, akamchekea bibi yake mdomo mzima, pembe zote mbili, na vijino viwili vya chini. Akanigeukia mimi. Nusu. Akamgeukia bibi. Mzima. Mimi, nusu.

Kijiko nilikidondosha. Kifua kilijaa mpaka nikaogopa, na nikakaa nacho hivyo hivyo, sikukigusa.

Sasa ni siku tano, hajabadilisha. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa daktari akamnyooshe kabla hajazoea. Nimemwambia hapana, mama, huyo hana ugonjwa. Hicho kicheko ni cha kwangu.

Ni mimi,
mama yake Genta